Kongo ndani ya Muziki Mpya wa Ulaya

Historia ya muziki wa klasiki wa Ulaya tangu katikati ya karne ya 20 kwa kawaida huanzishwa Darmstadt, mji wa Ujerumani ulioteketezwa kwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1946 yalifunguliwa huko mafunzo ya kiangazi kwa watunzi, na baada ya miaka michache vijana kama Pierre Boulez wa Ufaransa na Karlheinz Stockhausen wa Ujerumani wakawa ndio wenye sauti. Walitaka kuanza upya kabisa. Arnold Schoenberg alikwisha kuzipanga nota 12 zipokezane zamu, isiwepo ya kuzitawala nyingine. Wao wakaufikisha utaratibu huo kwenye urefu wa nota, nguvu ya sauti, hata namna ya kugusa kinanda. Hesabu ilionekana vizuri kwenye karatasi, ila sikio mara nyingi halikuiona. Paris nako, Pierre Schaeffer alikuwa ametunga kwa milio ya treni iliyorekodiwa tangu 1948, na mwaka 1952 Mmarekani John Cage alitoa kipande ambacho mpiga piano hapigi nota hata moja.

Masimulizi hayo ni ya kweli, ila yana pengo. Yakisomwa Murara, mtaa wa komini ya Karisimbi mjini Goma, pengo hilo huonekana upesi kuliko yakisomwa Vienna, kwa kuwa sehemu ya kilichoachwa nje ilitoka jirani.

Chombo cha kuanzia ni kinasa sauti cha kanda. Kwa watunzi wa Köln na Paris miaka ya 1950 kilikuwa meza ya kazi: sauti ilikatwa kwa wembe, ikaunganishwa, ikageuzwa nyuma mbele. Kwa watafiti chombo hichohicho kilikuwa mzigo wa safari. Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alipita Kongo mwaka 1952 akirekodi, na pembezoni mwa msitu wa Ituri alinasa nyimbo za Wabudu, Wabira, Wambuti na Wanande. Wanande ni watu wa Beni na Lubero, jimbo moja na Murara. Baadaye miaka hiyohiyo ya 1950, Colin Turnbull aliishi na Wambuti ndani ya msitu wenyewe. Wimbo mmoja wa unyago wa wasichana aliourekodi ulitiwa kwenye sahani ya dhahabu ambayo vyombo vya Voyager viliondoka nayo duniani mwaka 1977, pamoja na Bach, Beethoven na Stravinsky. Wimbo wenyewe haufiki dakika moja. Orodha ya sahani inamtaja Turnbull. Wasichana walioimba hawamo.

Kutotajwa huko kunajirudia katika kisa maarufu kuliko vyote vya Kongo katika muziki huu, yaani Missa Luba. Mwaka 1953 padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alifika Kamina, Katanga, kuongoza shule. Wakati huo misheni nyingi zilifundisha nyimbo za Ulaya na kuziacha ngoma nje ya mlango wa kanisa. Haazen alifanya kinyume: alikusanya wavulana wapatao 45 na walimu 15, akawaita Les Troubadours du Roi Baudouin, akawaacha waimbe kwa namna waliyoijua. Misa iliyotokana na hapo iliimbwa Kamina mara ya kwanza tarehe 23 Machi 1958. Maneno yalibaki ya Kilatini, lakini Kyrie ilifuata kasala, maombolezo ya Kiluba, na Hosanna ilichezeka kwa mdundo wa Kasai. Mwaka huohuo kwaya ilisafiri Ulaya, ikaimba kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels, na sahani ikatolewa na Philips.

Ikumbukwe kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa bado. Hati yake ya liturujia, iliyofungua mlango kwa muziki wa mataifa yote, ilipitishwa tarehe 4 Desemba 1963. Kamina walikuwa wametangulia kwa zaidi ya miaka mitano. Sahani ilienea kuliko ilivyotazamiwa. Mwaka 1968 mwongozaji Lindsay Anderson aliitumia Sanctus katika filamu yake If...., na vijana wa Uingereza ambao hawakuwahi kusikia habari za Kamina wakainunua. Mwaka 1990 kwaya ya Muungano ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, ilirekodi misa hiyo upya.

Hata hivyo swali la nani aliitunga linasumbua. Jalada linamtaja Haazen kuwa mpangaji. Lakini sehemu kubwa ya misa ilizaliwa mazoezini, waimbaji wakibuni juu ya nyimbo walizolelewa nazo, na nota zikaandikwa baadaye. Kwa utaratibu wa Ulaya, anayeshika kalamu ndiye mtunzi. Kwa utaratibu wa Kamina, kalamu haikuwa na kazi. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba ni miaka hiyohiyo ambapo watunzi wa Darmstadt walikuwa wakibishana kama mpigaji aachiwe uhuru wa kuchagua nota zake, wakauona ugunduzi mkubwa.

Kisa cha pili chenye uzito kilianzia Bangui. Mwaka 1963 Simha Arom, mpiga pembe ya Kifaransa kutoka Israeli, alitumwa Jamhuri ya Afrika ya Kati kuunda bendi ya matarumbeta. Alichokisikia huko kilimfanya aiweke kando kazi iliyomleta. Wabanda-Linda walikuwa na kundi la pembe ambamo kila pembe hutoa sauti moja tu, na muziki hupatikana kwa kupokezana kwa kasi hadi msikilizaji adhani kuna mtu mmoja mwenye mikono mingi. Kuandika muziki kama huo kwa kusikiliza kundi zima haikuwezekana. Arom akabuni njia: alirekodi kundi, kisha akamsikilizisha mpigaji mmoja rekodi hiyo masikioni huku akipiga sehemu yake peke yake, ikarekodiwa kivyake, halafu wa pili akisikiliza wa kwanza, na kuendelea hivyo hadi fundo lote likafunguka. Kinasa sauti kiligeuka kuwa darubini.

Matokeo yake yalimfikia György Ligeti. Ligeti, Myahudi aliyezaliwa Transylvania mwaka 1923, alitoroka Hungaria baada ya uasi wa 1956 kuzimwa, akapokelewa Köln na watu wa Stockhausen. Umaarufu wake ulitokana na Atmosphères ya 1961, kipande kisicho na mdundo wala wimbo wa kushika, ambacho Stanley Kubrick alikitumia katika filamu ya 2001: A Space Odyssey. Kufikia miaka ya 1980, akifundisha Hamburg, alikuwa amekwama. Mwaka 1982 mwanafunzi wake kutoka Puerto Rico, Roberto Sierra, alimletea sahani ya pembe za Wabanda-Linda zilizorekodiwa na Arom.

Ligeti hakuiga wimbo wowote. Alichochukua ni namna ya kufikiri. Muziki wa Ulaya hupima muda kwa kugawanya: kipimo huvunjwa kuwa mapigo, pigo likavunjwa kuwa nusu na robo. Muziki alioueleza Arom hupima kwa kujumlisha: kuna mapigo madogo ya haraka yanayolingana, na kila mpigaji huyafunga mafungu kwa idadi yake mwenyewe. Katika Désordre, etude ya kwanza ya piano ya 1985, mkono wa kulia hupiga vibonyezo vyeupe na wa kushoto vyeusi. Mikono huanza pamoja, kisha wa kulia hupunguza pigo moja dogo kila baada ya muda, na mikazo ikaachana kama watu wawili wanaotembea kwa hatua tofauti. Mpigaji mmoja amegeuzwa kundi. Ligeti aliwataja pia walimu wengine, hasa Conlon Nancarrow, aliyejifungia Mexico akitoboa karatasi za piano ijipigayo. Lakini deni kwa Afrika ya Kati hakulificha, na tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha Arom, iliyotoka 1991, ina dibaji yake.

Hakuwa peke yake. Luciano Berio alizitumia mbinu za Wabanda katika Coro ya 1976, na Steve Reich alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma kabla ya kuandika Drumming. Uganda ilikuwa na njia yake: Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri la Kabaka, alimfundisha Mwaustria Gerhard Kubik kupiga amadinda, ala ya vibao vya mbao, na mwaka 1984 wapiga ngoma wa Budapest waliliita kundi lao Amadinda. Kwa upande mwingine, kipande cha Mganda Justinian Tamusuza kilitiwa katika albamu ya Pieces of Africa ya Kronos Quartet, iliyotoka 1992.

Kongo yenyewe haikubaki mtoaji tu. Mwaka 1994 Armand Diangienda, mjukuu wa nabii Simon Kimbangu na rubani aliyekuwa amepoteza kazi, alianzisha okestra ya simfonia Kinshasa. Fidla zilikuwa chache, watu wakapokezana. Waya uliokatika ulibadilishwa na waya wa breki ya baiskeli. Filamu ya Kinshasa Symphony ya 2010 iliwatambulisha kwa ulimwengu wakipiga Beethoven na Orff. Repertwari hiyo ni ya zamani kuliko Darmstadt, na hilo si la kulaumiwa: mtu hujifunza kwa vitabu alivyovipata.

Murara, kama kwingine Goma, mlango wa muziki wa sauti nne ni kwaya ya kanisa, ambako maestro hugawa soprano, alto, tenori na besi, na wengi hushika sehemu zao kwa sikio. Kwa mwimbaji wa namna hiyo Désordre si fumbo kubwa; kushika sehemu yake huku jirani akienda njia nyingine ni kazi yake ya kila Jumapili. Ugumu uko kwenye rekodi. Za Tracey zimehifadhiwa Makhanda, Afrika Kusini, na nyingine nyingi za Afrika ya Kati ziko katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Mwaka 2021 Tervuren iliikabidhi Rwanda nakala za kidijitali za rekodi zake zaidi ya 4,000. Kutoka Goma hadi Gisenyi, mji wa kwanza wa Rwanda, ni mwendo wa miguu.