Popobawa Mjini: Jina, Umbile na Tabia ya Kiumbe wa Masimulizi

Utangulizi

Mnamo Februari 1995, katika mwezi wa Ramadhani, hofu kubwa ilizuka kisiwani Pemba. Watu walisema kwamba usiku walikuwa wakiingiliwa vyumbani na kiumbe asiyeonekana sawasawa, ambaye huwakaba, huwaingilia kwa nguvu, kisha hutoweka. Jina lake lilikuwa Popobawa. Kwa muda wa wiki chache hofu hiyo ilivuka hadi Unguja, kisha ikafika Dar es Salaam na miji mingine ya pwani. Mwaka 2007 ilisikika tena Dar es Salaam, kiasi cha kuandikwa na vyombo vya habari vya ndani na vya nje.

Wanaolitazama jambo hili kwa kawaida huuliza kama Popobawa yupo au hayupo. Kwa mwanafunzi wa lugha, swali hilo halifiki mbali. Mhadhara huu unauliza swali jingine: kiumbe huyu ameumbwa kwa maneno gani, na kila kiungo chake kinafanya kazi gani? Hoja inayotetewa ni kwamba umbile na tabia ya Popobawa ni umbile na tabia ya usimulizi wenyewe, na kwamba ndiyo sababu aliweza kuvuka bahari na kupata makazi katika mitaa ya jiji.

Jina

Popobawa ni neno ambatani lililoundwa na nomino mbili, popo na bawa. Kiswahili kina maneno mengi ya namna hiyo: batamaji, mbwamwitu, punda milia. Katika maneno hayo nomino ya kwanza hutaja jinsi ya kiumbe, na ya pili humtenga na wenzake. Batamaji si bata wa uani, na mbwamwitu si mbwa wa nyumbani. Kwa kanuni hiyo, popobawa angepaswa kuwa popo anayetofautiana na popo wengine kwa kuwa na bawa. Lakini kila popo ana mabawa. Nomino ya pili haimtengi na yeyote.

Maelezo yanayotolewa na wasimulizi yanaondoa utata huo. Wao husema kwamba jina limetokana na kivuli, kilichofanana na bawa la popo, kinachomfunika mhanga usiku. Basi jina halitaji mwili wa kiumbe bali alama anayoiacha. Sarufi ndiyo inayokamilisha uumbaji. Bawa ni neno la ngeli ya li-/ya-, lakini hakuna asemaye kwamba popobawa limekuja. Husemwa Popobawa amekuja. Kwa upatanisho huo tu, kivuli kimepewa uhai. Tena mara nyingi hutajwa kwa umoja, kama mtu mwenye jina lake.

Kabla ya jina hili, Kiswahili hakikuwa na upungufu wa majina ya viumbe wa aina hii. Yapo yaliyotoka katika Kiarabu, kama jini, shetani na ruhani. Yapo pia pepo, kinyamkera, kibwengo, zimwi na mzuka. Lililo karibu zaidi na Popobawa ni jinamizi, yaani ile hali ya mtu kuhisi amekabwa usingizini, akataka kupiga kelele na sauti isitoke. Jinamizi, hata hivyo, ni la mtu mmoja. Humjia, likamwacha, naye akaamka na kuendelea na shughuli zake. Popobawa ni wa mtaa mzima, na hapo ndipo tofauti ilipo.

Umbile

Ni vema kumtazama kwanza popo halisi. Pemba ina popo wake mkubwa asiyepatikana kwingine duniani, ambaye wanasayansi humwita Pteropus voeltzkowi. Mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita 1.6, na uzito wake ni kama nusu kilo. Hula matunda na maua, na hueneza mbegu za miti ya msituni. Makundi yake huonekana Kidike na katika msitu wa Ngezi. Wapemba hawakuwa wakimwogopa popo huyu. Waliwahi kumwinda na kumla hata idadi yake ikapungua sana, mpaka juhudi za kumhifadhi zilipoanza miaka ya 1990. Kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba Popobawa ni hofu ya popo iliyotiwa chumvi. Mtu haogopi kitoweo chake.

Umbile la Popobawa katika masimulizi ni la namna nyingine. Hana sura moja. Huweza kuwa kivuli, huweza kuwa harufu kali inayotangulia, huweza kuwa uzito juu ya kifua. Mchana husemwa kwamba huenda akawa mtu kama watu wengine. Sura ya dubwana lenye mabawa mapana na jicho moja imekolezwa zaidi na maandishi ya nje. Katrina Daly Thompson, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu Popobawa, ameonyesha jinsi mazungumzo ya Watanzania yalivyosomwa visivyo yalipofika ughaibuni. Mgeni alitaka mnyama wa kuchora. Wenyeji walikuwa na neno la kuzungumzia.

Wataalamu wa usingizi wana maelezo yao. Mtu anapoota, misuli yake hulegea isitende anayoyaota. Hutokea ubongo ukaamka kabla ya misuli kurejewa na nguvu. Mtu huyo hubaki macho lakini hawezi kujinyanyua, huhisi kifua kimelemewa, na mara nyingi huona kwamba yumo mwingine chumbani. David Hufford, katika kitabu chake cha mwaka 1982, alichunguza hali hiyo huko Newfoundland, Kanada, ambako watu humtaja kikongwe anayewakalia kifuani. Maelezo haya yanatosha kueleza kukabwa. Hayaelezi kwa nini mamia ya watu wakabwe msimu mmoja, wala kwa nini msimu huo ukome. Kwa hilo hatuna budi kurudi kwenye masimulizi.

Tabia

Masimulizi yanamtaja Popobawa kwa tabia tatu zinazorudiwarudiwa. Ya kwanza ni kwamba huwaingilia watu wazima wa jinsia zote, na hasa wanaume kinyume cha maumbile. Ya pili ni kwamba huwaandama wanaokana kuwapo kwake. Ya tatu ni kwamba humwamuru mhanga awaeleze wengine yaliyompata; asipoeleza, atarudiwa.

Tabia hizi zikiwekwa pamoja, mantiki yake huonekana. Katika jamii za pwani hakuna jambo la aibu zaidi kwa mwanamume kulitamka kuliko hilo la kwanza. Stara ingelifunika. Lakini sharti la tatu linageuza aibu kuwa wajibu: anayesema hajivunjii heshima, anajikinga. Nalo sharti la pili linamnyima msikilizaji ruhusa ya kucheka. Kiumbe wa kawaida huongezeka kwa kuzaa. Popobawa huongezeka kwa kusimuliwa. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni shida kupata mfano ulio wazi zaidi wa methali hiyo.

Dawa iliyotumiwa na watu inathibitisha jambo hilohilo. Walitoka vyumbani, wakalala nje kwa makundi, wengine wakiwasha moto na kukesha. Walikusanyika ili kumkwepa, na katika kukusanyika wakamsimulia.

Kutoka kisiwani hadi mitaani

Kiumbe wa namna hii alipofika Dar es Salaam alikuta njia imekwishatengenezwa. Jiji lilikuwa na historia ndefu ya mumiani. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaeleza mumiani kuwa dawa nyeusi kama gundi, na kuongeza kwamba wengi waliamini ni damu ya watu waliouawa. Luise White, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2000, ameeleza jinsi katika enzi ya ukoloni wazimamoto walivyodhaniwa katika miji ya Afrika Mashariki kuwa ndio wanyonya damu. Mumiani alikuwa hofu ya barabarani na ya serikali: gari, sare, mgeni. Popobawa aliileta hofu chumbani.

Makazi nayo yana sehemu yake. Kinondoni na Temeke, kabla ya Ubungo na Kigamboni kutengwa kuwa manispaa zake, zilibeba sehemu kubwa ya ukuaji wa jiji. Magomeni, Manzese, Tandika na Mbagala ni mitaa ya wahamiaji, wakiwamo waliotoka visiwani, Lindi, Mtwara na kwingineko. Nyumba nyingi za huko ni zile ziitwazo nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, kila chumba na mpangaji wake, uani na choo ni vya wote. Katika nyumba hiyo, atakayeota ndoto mbaya huitolea hadithi asubuhi kwenye foleni ya choo, na adhuhuri imekwishafika barazani kwa jirani. Msimulizi hahitaji kujuana na msikilizaji kwa ukoo wala kwa kijiji. Inatosha wote wawili kukijua Kiswahili. Tangu mwaka 1994, zilipoanza Radio One na ITV, hadithi ya mtaa mmoja iliweza pia kusikika mtaa wa mbali siku hiyohiyo.

Gharama ya maneno

Si masimulizi yote yaliyoishia barazani. Mwaka 1995, mjini Zanzibar, mtu mmoja aliyetoka bara, mwenye maradhi ya akili, alidhaniwa kuwa ndiye Popobawa, akauawa na umati. Kiumbe asiye na sura aliazimwa sura ya mnyonge. Hapa ndipo ile kauli kwamba mchana Popobawa huwa mtu kama watu wengine inapoonyesha hatari yake: kiumbe anayeweza kuwa yeyote huwa yule asiye na wa kumtetea.

Siasa nazo ziliingia. Mwaka 1995 ulikuwa wa uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo uliporejeshwa mwaka 1992, na wako waliosema Popobawa ametumwa kuwatisha wapiga kura. Wengine walikumbuka kwamba kisiwani Pemba aliwahi kusikika miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Lakini Martin Walsh, aliyeyachunguza maelezo hayo, ameonyesha kwamba tafsiri za kisiasa zilibadilika kadiri hofu ilivyoendelea. Kwa maneno mengine, siasa haikumzaa Popobawa, ilimvika nguo.

Hitimisho

Popobawa amekuwa akidharauliwa na wasomi kama ushirikina, na kupambwa na wageni kama kioja. Njia zote mbili zinampoteza msemaji. Nyuma ya kila simulizi yupo mtu aliyeamka usiku akiwa hana sauti, na lugha yake ikampa njia ya kulisema lisilosemeka. Njia hiyohiyo ndiyo iliyompeleka mwingine asiye na hatia mikononi mwa umati. Mwanaisimu anayekusanya maneno ya Kinondoni na Temeke, au ya Wete na Mkoani, analo jukumu la kuandika yote mawili: jinsi neno lilivyowakusanya watu wenye hofu, na jinsi lilivyomwua mmoja wao.