Homer W. Smith

Homer William Smith (Denver, Colorado, 2 Januari 1895 – New York, 25 Machi 1962) alikuwa mwanafiziolojia Mmarekani aliyetafiti figo kwa zaidi ya miaka 30. Anajulikana hasa kwa njia za kupima uchujaji na mtiririko wa damu katika figo za mtu aliye hai bila kumpasua.

Maisha

Alikulia Cripple Creek, mji wa machimbo ya dhahabu. Alihitimu Chuo Kikuu cha Denver mwaka 1917, na wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alitafiti gesi za sumu chini ya E. K. Marshall. Alipata udaktari wa sayansi Johns Hopkins mwaka 1921. Baada ya kupitia Harvard na Virginia, mwaka 1928 akawa profesa wa fiziolojia katika Chuo Kikuu cha New York, akabaki huko hadi 1961.

Safari ya Ziwa Viktoria

Mwaka 1928 alipata ruzuku ya Guggenheim, akaja Afrika Mashariki kumtafuta kamongo, samaki mwenye mapafu. Maji yakikauka, samaki huyu hujichimbia matopeni, hujifunika kwa utando na kulala hadi mvua irudi. Wakazi wa kando ya ziwa walimjua hivyo kabla ya maabara yoyote. Alilotaka kujua Smith ni mkojo wake huenda wapi. Alikuta kwamba wakati wa usingizi huo figo huacha kutoa mkojo, na uchafu wa nitrojeni hulimbikizwa mwilini kama urea, kisha hutolewa samaki anaporudi majini. Safari hiyo ilizaa pia riwaya yake *Kamongo* (1932), mjadala kati ya mwanasayansi na padre wa Kianglikana melini.

Upimaji wa figo

Hapa ndipo ilipo kazi yake kubwa. Kabla yake madaktari walipima mkojo na urea ya damu, lakini hawakuweza kueleza ni kazi gani ya figo iliyoharibika. Smith na wenzake walitafuta dutu za kuingiza mshipani ambazo figo huzishughulikia kwa njia moja inayojulikana. Kiasi cha dutu katika kila mililita ya mkojo huzidishwa kwa ujazo wa mkojo unaotoka kila dakika, kisha hugawanywa kwa kiasi kilichomo katika kila mililita ya plazma. Jibu ni ujazo wa plazma unaosafishwa kwa dakika moja.

Kwa uchujaji walichagua inulini, wanga wa mimea ambao huchujwa tu, bila kufyonzwa tena wala kuongezwa na mirija ya figo. Smith na mwenzake James Shannon walichapisha matokeo yake kwa binadamu mwaka 1935, huku A. N. Richards wa Pennsylvania akiwa ameifikia dutu hiyohiyo kwa njia yake. Mtu mzima mwenye afya huchuja takribani mililita 125 kwa dakika, yaani lita 180 kwa siku, na sehemu kubwa mno ya maji hayo hurudishwa katika damu.

Mtiririko wa damu ulihitaji dutu ambayo figo huiondoa karibu yote damu inapopita mara moja. Mwaka 1938 walitumia diodrasti, dawa ya iodini ya picha za eksirei; mwaka 1945 wakaleta asidi ya para-aminohipuriki (PAH), ambayo takribani asilimia 90 huondolewa. Ilidhihirika kwamba figo mbili, ambazo uzito wake haufiki asilimia 1 ya mwili, hupokea takribani lita 1.2 za damu kwa dakika, kama moja ya tano ya damu yote isukumwayo na moyo. Hesabu ni ya kitoto. Ugumu ulikuwa kuthibitisha kwamba kila dutu inatenda kama ilivyodhaniwa, na Smith alikuwa mkali sana katika uthibitisho huo.

Shinikizo la damu

Katika hospitali ya Bellevue, pamoja na William Goldring na Herbert Chasis, alipima wagonjwa wa shinikizo la damu na kukuta kwamba kwa wengi wao mtiririko wa damu katika figo ulikuwa umepungua. Baada ya Harry Goldblatt kupandisha shinikizo la mbwa kwa kubana mshipa wa figo (1934), wapasuaji walianza kuondoa figo moja kwa matumaini ya kuponya. Mwaka 1956 Smith alikusanya taarifa za wagonjwa 575 waliopasuliwa hivyo: ni asilimia 26 tu ambao shinikizo lao lilishuka hadi la kawaida. Tathmini hiyo nzito ilipunguza upasuaji usio wa lazima.

Maandishi

*The Kidney* (1951), kitabu kinene cha rejea. *Man and His Gods* (1952), chenye dibaji ya Albert Einstein. *From Fish to Philosopher* (1953). Nadharia yake kwamba figo za wanyama wenye uti wa mgongo zilianzia maji baridi imepingwa na baadhi ya wataalamu.

Leo

Hospitali nyingi hukadiria uchujaji kwa kreatinini ya damu, na mtiririko hutazamwa kwa mawimbi ya sauti. Inulini na PAH zimebaki zaidi kwa watafiti. Chama cha Wataalamu wa Figo cha Marekani hutoa Tuzo ya Homer W. Smith kila mwaka.