Pete, Ufunguo na Daftari: Mapenzi na Usahaulifu katika Filamu

Kitenzi kumbuka humhusu mtu mmoja, yule mwenye kumbukumbu. Kikinyambuliwa katika kauli ya kutendesha kuwa kumbusha, mtu wa pili huingia: aliyesahau huwa mbele ya anayejua. Tofauti hiyo, ambayo msemaji wa Kiswahili huitambua awe Unguja au mtaani Katoyi mjini Goma, yaweza kuieleza historia ya filamu za mapenzi na usahaulifu. Katika filamu hizo penzi hudumu pale mmoja anapokubali kazi ya kumkumbusha mwenziwe.

Kisa kikongwe ni kile cha Shakuntala, tamthilia ya Kalidasa wa Bara Hindi, ambayo V. Shantaram aliitolea filamu mwaka 1943. Mfalme Dushyanta anamsahau mkewe kwa sababu ya laana ya mtawa aliyeghadhibika. Pete ndiyo iwezayo kumzindua, lakini inapotea majini, hadi mvuvi anapoikuta tumboni mwa samaki.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Marekani ilikuwa imetoa Random Harvest ya Mervyn LeRoy, iliyotokana na riwaya ya James Hilton. Humo laana haipo tena. Chanzo ni Vita Kuu ya Kwanza. Askari aliyepoteza kumbukumbu vitani anamwoa Paula, kisha ajali inamrudishia maisha yake ya awali na kumfutia ndoa hiyo. Paula anakuwa karani wake, naye hamtambui. Mfukoni mwake umebaki ufunguo asioujua, ambao hatimaye unaufungua mlango wa nyumba yao.

Katika The Notebook ya Nick Cassavetes (2004), iliyotokana na riwaya ya Nicholas Sparks ya mwaka 1996, chanzo ni maradhi ya uzeeni. Mzee anamsomea mkewe daftari la mapenzi yao, alilokuwa ameliandika mke mwenyewe. Tofauti na pete na ufunguo, daftari haliponyi: mke anamtambua mumewe kwa dakika chache, kisha anamsahau tena, na mume hana budi kuanza upya. Gena Rowlands, aliyeigiza nafasi ya mke huyo mzee, naye alipatwa na maradhi ya Alzheimer, kama mwanawe, ambaye ndiye mwongozaji wa filamu hiyo, alivyotangaza mwaka 2024. Alifariki Agosti mwaka huohuo.

Mjini Goma swali hili lina uzito wa pekee. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kuteketeza maelfu ya nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena. Na vita vimewahamisha watu mara nyingi. Akimbiaye usiku hubeba mtoto kabla ya kubeba picha za arusi. Je, pete ikiyeyuka, ufunguo ukikosa mlango na daftari likiungua, mzee wa Katoyi atamkumbusha mwenziwe kwa kitu gani?

Jibu limo katika filamu ya tatu yenyewe. Daftari lililofungwa halimrudishi mke. Kinachomrudisha ni sauti ya anayelisoma. Vitu ni vyombo tu vya kukumbushia. Kazi yenyewe ni ya ulimi na subira, nayo haiteketei pamoja na nyumba maadamu yupo mmoja anayekijua kisa na aliye tayari kukisimulia kesho tena.