Jaribio la Mpemba

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba nchini Tanganyika, alitia kwenye friza maziwa ya moto yenye sukari. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, mjini Iringa, alimwuliza mtaalamu wa fizikia Denis Osborne, wenzake wakamcheka. Osborne akaenda kulijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha matokeo kwa pamoja.

Ubishi haujakwisha; watafiti wa mwaka 2016 hawakuliona jambo hilo. Watoto waweza kujipimia: vikombe viwili vinavyolingana, maji ya moto (ayamimine mtu mzima) na ya baridi kwa kipimo kimoja, mara kadhaa. Vikombe viwekwe juu ya kitambaa, kwani cha moto huyeyusha barafu iliyo chini yake, kikapata ubaridi zaidi.