Rugaruga wa Mazinde

Panya Road walipoitikisa Dar es Salaam mwanzoni mwa 2015, na tena mwaka 2022, nilisikia kauli moja kila mahali: mambo haya hayakuwapo zamani, ni vijana wa siku hizi tu walioharibika. Kwetu upande wa Korogwe na Handeni kauli hiyo haisimami. Karne moja na nusu iliyopita, njia za misafara huku zilikuwa mikononi mwa vijana wenye bunduki.

Chanzo kimoja ni njaa. Miaka ya 1830 ukame uliwapiga Wazigua hadi watu wakajiweka rehani pwani ili wapate chakula, wakaishia utumwani. Wengine walivushwa hadi Somalia, na vizazi vyao vikaendelea kusema Kizigua huko. Baadhi ya vitukuu vyao walirudi kama wakimbizi wa vita vya Somalia, wakapewa ardhi Chogo, Handeni. Wakati ule, mtu aliyepoteza ukoo hakuwa na wa kumkomboa wala wa kumlipia fidia. Mwenye bunduki ndiye aliyekuwa ukoo wake mpya.

Hapo ndipo alipoinuka Kisabengo. Mzigua huyu alikusanya watoro na watumwa waliowakimbia mabwana zao, akawa tishio kwa majirani, kisha akajenga mji wenye ukuta, Simbamwene, palipo Morogoro ya leo. Stanley alipopita mwaka 1871, binti wa Kisabengo ndiye aliyekuwa akitawala. Lililoanza kama genge lilikuwa limekuwa dola ndogo.

Upande wa Korogwe alikuwapo Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai. Baba yake alitawala kutoka Vugha, juu milimani. Semboja alikaa Mazinde, tambarare, kwa sababu huko ndiko zilikopita pembe za ndovu, watumwa, baruti na bunduki. Kimweri alipofariki, Semboja alijizungushia wapiganaji wa kila kabila, wengi wao wageni wasio na shamba wala mjomba Usambara. Unyamwezini, kwa Mirambo, watu wa namna hiyo waliitwa rugaruga. Mwishoni mwa miaka ya 1860 waliichoma Vugha, na Shekulwavu, mrithi halali, akafa ukimbizini. Wabondei nao wakaasi, wakawafukuza Wakilindi. Nchi ikawa ya kukamatana na kuuzana.

Wajerumani walikuja wakisema wanaleta amani. Semboja, aliyeupora msafara wa Hans Meyer mwaka 1888, alifariki mwaka 1895. Mwaka huohuo mwanawe Mputa, mtawala wa Vugha, alinyongwa na serikali hiyo. Lakini serikali iliyowalaani rugaruga iliwaajiri pia. Katika vita vya Maji Maji walipigana upande wake, na malipo yao mara nyingi yalikuwa nyara. Mporaji wa jana alipewa kibali.

Mwaka 1902 reli kutoka Tanga ilifika Korogwe, mashamba ya mkonge yakafuata. Mkonge wenyewe asili yake ni Mexico. Hindorf aliuleta mwaka 1893 kupitia Florida, na kati ya miche 1,000 ilinusurika 62. Mexico inanikumbusha jambo jingine. Mwaka 1957, katika gereza la Deuel, California, vijana wenye asili ya Mexico walianzisha kundi la kulindana dhidi ya wafungwa wengine. Kundi hilo, Mexican Mafia, likaja kuwatoza kodi hata wauza dawa wa mitaani. Miaka ya 1980, watoto wa wakimbizi wa El Salvador waliunda MS-13 huko Los Angeles. Wote walianza kwa kutafuta kinga, na wote waliishia kuwa balaa kwa watu wa kwao wenyewe.

Sisemi haya kuwatetea wenye mapanga. Aliyekatwa mkono hasaidiwi na historia ya njaa. Ila nikisikia watu wakishangilia kijana kuchomwa moto mtaani, namfikiria Mputa. Kitanzi kilimwondoa mtu mmoja. Vijana wasio na shamba wala mjomba walibaki palepale, wakingoja bwana mwingine mwenye bunduki. Na bwana alipatikana.