Mzio wa Nikeli: Historia ya Uelewa Wake na Funzo kwa Ghala za Forodha za Gikondo, Kigali

Utangulizi

Gikondo, katika Wilaya ya Kicukiro jijini Kigali, imekuwa kwa miongo mingi mlango wa bidhaa ziingiazo Rwanda. Hapo zipo ghala za forodha za MAGERWA, na hapo maonyesho ya kimataifa ya biashara yalifanyika kwa miaka mingi. Hereni, saa na vifungo vya mikanda ni vitu vidogo katika shehena kubwa. Lakini vikiwa na nikeli na vikalowa jasho, huweza kuachia ioni za metali hiyo kwenye ngozi. Makala haya yanafuatilia jinsi sayansi ilivyouelewa mzio utokanao na mguso huo, na yanatoa hoja kwamba udhibiti wake unapaswa kuanzia ghalani kabla ya kufika zahanati.

Kutoka karakana hadi maabara

Mwaka 1889, Alfred Blaschko wa Berlin alieleza ukurutu uliowapata mafundi wa kupaka metali kwa umeme. Kwa kuwa mafundi hao walishika kemikali nyingi kwa pamoja, haikuwa rahisi kubaini ipi iliyowadhuru. Mwaka 1895, mjini Graz, Josef Jadassohn alieleza kuwa zebaki ikiwekwa kwenye ngozi yenye afya ya mgonjwa huamsha upele uleule. Huo ukawa mwanzo wa kipimo cha kibandiko. Schittenhelm na Stockinger wa Kiel walikitumia mwaka 1925 kuthibitisha kuwa nikeli yenyewe ndiyo chanzo.

Swali likabaki: ni nini mwilini kinachokumbuka metali? Mwaka 1942, Karl Landsteiner na Merrill Chase waliwahamishia simbilisi wazima seli za wenzao wenye mzio wa kemikali, nao wakapata mzio huo. Ilidhihirika kwamba kumbukumbu hiyo hubebwa na seli.

Hatua mbili za mwitikio

Leo inafahamika kuwa ioni ya nikeli, ambayo peke yake ni ndogo mno kutambuliwa na mfumo wa kinga, hujishikiza kwenye protini za mwili. Seli za ngozi huipeleka hadi kwenye tezi za limfu, ambako seli T zinazoitambua huzaliana. Hatua hii haina dalili yoyote. Mguso wa baadaye ndio huleta muwasho na malengelenge, kwa kawaida baada ya siku moja hadi mbili, na kumbukumbu hiyo aghalabu hudumu maisha yote. Mwaka 2010 watafiti walibaini kuwa nikeli huamsha pia moja kwa moja kipokezi cha binadamu kiitwacho TLR4, jambo lisilotokea kwa kipokezi hicho cha panya. Usalama wa metali hii kwa watu, basi, hauwezi kuamuliwa kwa panya wa kawaida wa maabara pekee.

Kutoka maabara hadi sheria

Kwa kuwa madhara huanza kimyakimya na hayafutiki, tiba hufika ikiwa imechelewa. Denmark ilizingatia hoja hiyo ilipoanza kudhibiti nikeli katika vitu vigusavyo ngozi mwaka 1990. Miongoni mwa wasichana wa shule waliotogwa masikio baada ya udhibiti huo, mzio ulionekana kwa takriban asilimia 4, ikilinganishwa na takriban 17 kwa waliotogwa kabla. Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka 1994, kwa kikomo cha mikrogramu 0.5 kwa sentimita ya mraba kwa wiki.

Kwa Afrika Mashariki, uzito wa hoja hii unaongezeka: wekundu wa ukurutu hauonekani kwa urahisi kwenye ngozi nyeusi, hivyo msomaji wa kipimo hulazimika kupapasa uvimbe kwa kidole. Ujuzi huo unahitaji mafunzo, kama yatolewayo tangu 1992 katika kituo cha kikanda cha magonjwa ya ngozi mjini Moshi.

Hitimisho

Ghalani kazi ni nyepesi zaidi. Pamba iliyotiwa matone ya dimethilglaiosimu na amonia, ikisuguliwa kwenye hereni, hugeuka waridi ikiwa nikeli inaachiwa. Rwanda imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Kikomo cha pamoja cha kikanda kingekipa kipimo hicho nguvu ya kisheria, Gikondo na kwenye forodha nyingine, kabla bidhaa haijafika sikioni mwa mtoto.