Kwebuga

Ukitafuta Karagwe mtandaoni, utakutana upesi na Speke, mgeni aliyepokewa na Mkama Rumanyika Novemba 1861. Kitabu chake cha 1863 kiliwapa Wazungu hadi vipimo vya mwili wa mwanamke wa jamaa ya mfalme. Lakini sisi Wanyambo tulikuwa na kwebuga: mtu husimama mbele ya watu, akajitaja jina na matendo yake, wanaomjua wakimsikiliza.

Nisipojieleza, nitaelezwa. Nikafungua ukurasa wangu wa wasifu. Uliandikwa “mtaalamu mbobezi”. Kyerwa, wilaya yetu tangu 2012, haikutajwa. Nikafuta, nikaandika kwetu na kazi nilizofanya kweli. Kisha nikampigia bibi simu, nikamsomea. Akanyamaza kidogo.

“Sasa huyo ni wewe,” akasema.